Sita Nyeusi: Messerschmitt ya Jangwa la Libya Katika Makumbusho ya Cosford

Jambo la kwanza linalomshangaza anayeifikia ndege hii ni udogo wake. Mabawa yake, kutoka ncha moja hadi nyingine, hayafiki mita 10, na kiwiliwili chake chote ni cha mita 9 hivi, kiasi kwamba mtu mzima akisimama ubavuni anaweza kuchungulia karibu na chumba cha rubani bila kuhitaji ngazi ndefu. Niliyoizoea katika picha ilikuwa mashine kubwa ya kutisha. Niliyoikuta katika hanga la Cosford ni chombo chembamba, chenye rangi ya mchanga juu na buluu hafifu tumboni, mkanda mweupe kiunoni karibu na mkia, na namba 6 nyeusi ubavuni iliyoipa jina lake. Ni Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, ya toleo la G-2, iliyoandaliwa kwa ajili ya nchi za joto, na kwa maoni yangu hakuna ndege ya kivita iliyokarabatiwa katika makumbusho ya Uingereza inayostahili safari kuliko hii.

Makumbusho yenyewe ni tawi la Cosford la Makumbusho ya Jeshi la Anga la Kifalme, katika jimbo la Shropshire. Kiingilio ni bure, ingawa mwenye gari hulipia maegesho. Mimi nilikwenda kwa treni kutoka Birmingham, kwa njia inayopita Wolverhampton kuelekea Shrewsbury, nikashuka katika kituo kidogo cha Cosford na kutembea kwa miguu mwendo mfupi hadi langoni. Mahali hapo pana vitu vingi vya kuvutia, zikiwamo ndege tatu kubwa za mabomu za enzi ya Vita Baridi, yaani Vulcan, Victor na Valiant, ambazo huwezi kuziona zote tatu pamoja mahali pengine popote. Hata hivyo tathmini hii inahusu ndege moja tu, na nimeona ni haki kuipa nafasi yote.

Ilitengenezwa mwaka 1942 na kiwanda cha Erla mjini Leipzig, ikapewa namba ya kiwanda 10639. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilifikishwa Afrika Kaskazini na kukabidhiwa kikosi cha kivita kilichojulikana kama JG 77, wakati ambapo vita vya El Alamein, huko Misri, vilikuwa vinaanza kuugeuza mkondo wa mapigano yote ya jangwani. Maisha yake mikononi mwa Wajerumani hayakufika hata mwezi mmoja. Mapema Novemba rubani wake, Heinz Lüdemann, alijeruhiwa katika mapambano ya angani, na jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani, lilipokuwa linarudi nyuma kwa haraka kuelekea magharibi, ndege hiyo iliyoharibika iliachwa katika uwanja wa Gambut, mashariki ya Tobruk. Tarehe 13 Novemba 1942 wanaanga wa kikosi namba 3 cha Australia waliingia katika uwanja huo na kuikuta. Kamanda wao, Bobby Gibbes, aliwataka mafundi waitengeneze, nao wakaifufua kwa vipuri walivyovitoa katika ndege nyingine zilizotelekezwa hapo hapo, wakaichora herufi za kikosi chao, na Gibbes mwenyewe akairusha.

Kuanzia hapo ikawa mateka mwenye kazi. Waingereza waliichukua, wakaijaribu Mashariki ya Kati ili kujua nguvu na udhaifu wake, kisha wakaisafirisha kwa meli hadi Uingereza, ambako mwaka 1944 ilirushwa na kikosi maalumu namba 1426, kilichokuwa na jukumu la kuzirusha ndege za adui ili marubani na wapiga mizinga wa upande wa washirika wazitambue na wajifunze namna ya kupambana nazo. Hii ndiyo sababu kubwa ya thamani yake. Ndege nyingi zinazoonyeshwa leo zimeunganishwa kutokana na mabaki yaliyochimbuliwa ardhini au kuvuliwa kutoka ziwani, na historia zake zina mapengo ya miaka mingi. Hii haikuwahi kuzama wala kufukiwa, na mtu anaweza kuufuata mkondo wa maisha yake kutoka kiwandani, jangwani, baharini, hadi mahali ilipoegeshwa leo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kukumbuka mbele ya rangi ile ya mchanga. Jangwa lililoikausha ndege hii halikuwa la Wazungu peke yao. Vijana kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walipelekwa Misri na Mashariki ya Kati katika vikosi vya kazi za kijeshi, wakachimba mahandaki, wakapakua meli na kujenga barabara. Katika jamii zetu wapo wazee waliosimuliwa habari hizo na baba zao, na wengi wetu hatukuuliza zaidi. Nilipokuwa nimesimama pale, nilijikuta nawafikiria hao zaidi ya marubani, kwa kuwa rubani ameandikiwa jina lake katika kumbukumbu, ilhali aliyebeba mapipa ya mafuta hakuandikiwa.

Nirudi kwenye chuma. Uzuri wa ukarabati huu hauonekani ukiwa mbali, unaonekana ukisogea, na ningependekeza mgeni aanzie upande wa kushoto wa pua. Hapo linatokeza chujio refu la mchanga, mfano wa mtungi uliolazwa, lililofungwa mbele ya tundu la kuvuta hewa. Bila chujio hilo vumbi la jangwani lingeisaga injini kwa muda mfupi sana. Tundu hilo liko ubavuni, wala haliko juu wala chini, kwa sababu mashine ya kuisukuma hewa ndani ya injini ilifungwa pembeni ili kuacha nafasi katikati kwa ajili ya mzinga wa milimita 20 unaopiga risasi kupitia katikati ya kitovu cha pangaboi. Jaribu kulitafakari jambo hilo kama fundi: injini, pangaboi, mzinga na bunduki mbili za rashasha zilizokaa juu ya injini, vyote vimebanwa katika pua isiyozidi upana wa mabega ya mtu mmoja kwa kiasi kikubwa, na bado fundi wa uwanjani alitakiwa aweze kufungua vifuniko na kuvifikia kwa dakika chache.

Injini yenyewe ni Daimler-Benz DB 605, yenye silinda 12 na ujazo wa takribani lita 36, inayotoa nguvu ya farasi wapatao 1,475. Imepinduliwa: kombo, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, iko juu na silinda zinaning'inia chini, ndiyo maana mabomba ya ekzosi yanatokea chini sana ubavuni, tofauti na yale ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza. Mpangilio huo uliteremsha vichwa vya silinda mahali ambapo fundi aliyesimama chini angevifikia, na ukampa rubani mwanya kidogo zaidi wa kuona mbele. Kasi ya mashine ya kusukuma hewa haikubadilishwa kwa gia za kawaida, bali kwa kiungo cha mafuta kinachofanana kimsingi na kile tunachokijua leo katika giaboksi za otomatiki za magari, kiasi kwamba nguvu ilibadilika taratibu kadiri ndege ilivyopanda juu. Petroli nayo ilipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu. Waingereza walikuwa bado wanatumia kabureta, na katika miaka ya mwanzo ya vita rubani wa Spitfire au Hurricane aliyeiinamisha pua ghafla aliona injini yake ikikatika kwa kukosa mafuta, huku Messerschmitt ikiendelea kuteremka bila kusita. Aliyepunguza tatizo hilo mwaka 1941 ni mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling, kwa kidude kidogo chenye tundu kilichowekwa katika njia ya mafuta. Nimelitaja jina lake kwa makusudi, kwa sababu habari za vita vya angani hupenda kuwahesabu marubani na kuwasahau waliokaa mezani na penseli.

Baada ya pua, angalia miguu. Magurudumu makuu yamefungwa kwenye kiwiliwili, hayakufungwa kwenye mabawa, na miguu yake imetanuka kwenda nje huku magurudumu yakiwa karibukaribu na yameinama. Ukiitazama kutoka mbele utaona mara moja kwamba ni msimamo wa kitu kisicho na uthabiti. Kulikuwa na faida ya wazi: mabawa yangeweza kung'olewa na kubadilishwa huku ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake yenyewe, tena ikasafirishwa kwa urahisi. Gharama yake ililipwa na marubani, hasa wale wageni, kwa kuwa ndege ya namna hiyo hupenda kuyumba na kugeuka ghafla inapokimbia ardhini, na Bf 109 nyingi ziliharibika katika kupaa na kutua bila adui kuhusika kwa lolote. Nilizunguka mara tatu kuiangalia sehemu hii, kwa sababu hakuna maandishi yanayoweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko chuma chenyewe.

Kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa, karibu na ncha, kuna bamba refu jembamba linaloteleza lenyewe kwenda mbele mwendo unapopungua, ili hewa iendelee kushikamana na bawa na ndege isianguke kabla ya wakati wake. Halina waya wala mtambo wa kulisukuma. Shinikizo la hewa ndilo linalolitoa na kulirudisha. Chumba cha rubani nacho ni kidogo mno. Kifuniko chake kina vyuma vizito vya fremu, kinafunguka kwa kulalia upande wa kulia, na mtu mwenye mwili mkubwa angekaa humo mabega yakigusa kuta. Nyuma na chini ya kiti kuna tangi la petroli la lita 400. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani, na hilo nalikubali kabisa, kwa kuwa miguu ya maelfu ya watu ingemaliza katika mwaka mmoja kile ambacho vita havikukimaliza.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hupita bila kukiona. Upande wa kushoto, chini kidogo ya ukingo wa chumba cha rubani, vimejitokeza vishikizo viwili vidogo vyenye umbo la tone la maji. Vilikuwa vya kufungia mwavuli. Rubani aliyekuwa anasubiri amri ya kupaa katika jua la Libya alikaa ndani ya kisanduku cha chuma na kioo, na bila kivuli joto lingemlemaza kabla hajaondoka ardhini. Ni vishikizo hivyo, kuliko mzinga na kuliko injini, vilivyonifanya nimwone binadamu ndani ya mashine hii.

Sasa nifike kwenye ukarabati, ambao ndio hasa unaoitofautisha. Baada ya vita ndege ilihifadhiwa na kuhamishwa hapa na pale, ikipoteza vipande njiani. Mwaka 1972 Russ Snadden, afisa wa jeshi la anga la Uingereza, alianza kuishughulikia pamoja na kikundi cha watu waliojitolea katika kambi ya Lyneham, kisha Northolt, na mwishowe Benson. Hawakulipwa. Walifanya kazi nje ya saa zao za ajira, wakitafuta vipuri katika nchi mbalimbali, wakivitengeneza upya vile ambavyo havikupatikana, na kusoma michoro ya Kijerumani ili kila ribiti iende mahali pake. Kazi hiyo ilichukua takribani miaka 19. Tarehe 17 Machi 1991, huko Benson, ndege ilipaa tena ikiwa na injini ya aina yake halisi, wakati ambapo ndege nyingi za mtindo wake zilizoonekana angani zilikuwa zile zilizoundwa Hispania baada ya vita na kuvalishwa injini za Kiingereza. Baada ya hapo ikawa na makao yake katika uwanja wa ndege wa Duxford, na kwa miaka sita watu waliokuja kwenye maonyesho walisikia sauti ambayo haikuwa imesikika katika anga la nchi hiyo kwa karibu nusu karne.

Kisha ikaja tarehe 12 Oktoba 1997. Ilikuwa imepangwa kwamba muda wake wa kuruka uishe na ipumzishwe katika makumbusho. Katika safari hiyo ya mwisho injini ilileta hitilafu, na rubani, Sir John Allison, afisa wa ngazi ya juu kabisa wa jeshi la anga, alijaribu kuirudisha uwanjani Duxford. Ikashindwa kusimama ndani ya uwanja, ikavuka barabara kuu ya M11, ikashuka katika shamba lililolimwa ng'ambo ya pili na kupinduka kichwa chini. Rubani alitoka mzima. Ndege ilivunjika vibaya, hasa mkia, pangaboi na sehemu ya juu, na ikabidi irudishwe tena mikononi mwa mafundi, safari hii kwa lengo la kusimama tu. Mwaka 2002 iliwekwa katika makumbusho ya Hendon mjini London, na baadaye ikahamishiwa Cosford.

Je, ilikuwa sahihi kuirusha? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu na sitaki kulikwepa. Wapo wanaosema kwamba ndege isiyoruka ni maiti iliyopakwa rangi, na wana hoja, kwa sababu ujuzi mwingi uliopatikana katika miaka ile 19 usingepatikana kama lengo lingekuwa kuipaka rangi na kuifungia ndani. Aliyelazimika kuihakikisha injini iwake na ibebe uhai wa mtu hujifunza mambo ambayo mtu wa kupaka rangi hayajui. Lakini kifaa kama hiki, chenye historia iliyoshikana bila kukatika na chenye ndugu wachache sana duniani, ni kumbukumbu ya maandishi iliyoandikwa kwa aluminiamu, na kila saa ya kuruka ni hatari ya kuupoteza ukurasa. Msimamo wangu ni kwamba ingetosha kuirusha mara chache, ikarekodiwa sauti na mwenendo wake kwa makini, kisha ikapumzishwa mapema. Miaka sita ilikuwa mingi. Nasema hivyo bila kupunguza hata chembe heshima yangu kwa watu wale, ambao walitoa sehemu kubwa ya maisha yao kwa kazi ambayo hakuna aliyewalazimisha kuifanya.

Ukarabati wa pili, ule wa baada ya ajali, ni mzuri kiasi kwamba macho yasiyojua hayataona pale palipovunjika. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni sifa. Kwangu mimi ni jambo la kutamani lingefanywa tofauti kidogo popote pale kazi za namna hii zinapofanyika, kwa sababu naamini ndege iliyokarabatiwa inapaswa kumwambia mtazamaji ni bati lipi lilitoka Leipzig mwaka 1942, lipi lilitolewa katika mabaki ya Gambut na Waaustralia, na lipi lilikatwa karakanani miaka hamsini baadaye. Kinachoonekana ni uso mmoja laini, wa siku moja ya Oktoba 1942. Siku hiyo imechaguliwa vyema na rangi zake zimefanywa kwa uangalifu, lakini ndege hii imeishi siku nyingi zaidi ya hiyo, na chini ya jeshi la washirika iliruka muda mrefu kuliko ilivyoruka chini ya wenye alama ya swastika, nembo ya Wanazi, iliyoko mkiani.

Alama hiyo haipaswi kuzoeleka machoni. Kiwanda cha Erla kilichoitengeneza ndege hii kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi, na mwaka 1943 kambi ndogo iliyokuwa chini ya kambi ya mateso ya Buchenwald ilifunguliwa kwa ajili yake kaskazini-mashariki ya Leipzig. Tarehe 18 Aprili 1945, Wamarekani wakiwa wamekaribia kabisa kuingia mjini, walinzi wa SS, kikosi cha Wanazi, waliwafungia wafungwa wagonjwa ndani ya banda na kulichoma moto, na waliojaribu kutoka wakapigwa risasi. Ndege niliyoisifia aya baada ya aya imetoka katika karakana za mabwana haohao. Sioni njia ya kuuandika ubora wa chombo hiki kwa uaminifu bila kuliandika hilo pembeni yake, na mzazi anayempeleka mtoto Cosford afanye vivyo hivyo kwa maneno yanayolingana na umri wake.

Kwa anayetaka kulinganisha, katika makumbusho hayohayo ipo Spitfire K9942, ambayo ni kongwe kuliko Spitfire nyingine zote zilizobaki duniani na ilitengenezwa kabla ya vita kuanza. Tazama bawa lake pana lenye mviringo, kisha rudi kwenye bawa fupi lenye kingo zilizonyooka na ncha za mviringo la Messerschmitt. La kwanza lilikuwa gumu kulitengeneza na lilidai muda mwingi wa mafundi, la pili lilibuniwa liweze kuzalishwa kwa wingi, nazo Bf 109 zilizotengenezwa kwa jumla zilizidi 33,000. Tofauti hiyo ya fikra huwezi kuielewa vizuri kwenye picha, lakini kwa kutembea kutoka ndege moja hadi nyingine inaeleweka kwa dakika tano.

Ningemshauri anayekwenda atenge saa moja nzima kwa ajili ya Sita Nyeusi peke yake, afike asubuhi kabla makundi ya wanafunzi hayajajaa, na ajisomee habari zake kabla ya safari, kwa kuwa kibao cha maelezo cha ndege yoyote hakiwezi kubeba maisha marefu namna hii. Avae nguo nzito, maana mahanga ni makubwa na baridi yake hupenya. Aanze na chujio la mchanga, apite chini ya ncha ya bawa hadi kwenye mkanda mweupe, arudi kuangalia miguu kutoka mbele, na amalizie pale kushoto, kwenye vile vishikizo viwili vya mwavuli.